Nafasi ya Wa Pili

Asubuhi za Butembo zina baridi, na hakuna mtoto mdogo anayependa kuoga kwenye baridi. Mama yangu, kule Vuhovi nilikozaliwa, alikuwa na njia yake. Hakumpeleka mtoto kwenye maji, alimletea maji mtoto. Alituogesha jikoni mmoja mmoja, beseni mbele, moto wa kuni nyuma, na aliyemaliza alifungwa kikwembe kilichokuwa kimening'inizwa juu ya moshi. Mpaka leo nikikutana na harufu ya nguo yenye moshi wa mikaratusi, mgongo wangu unapata joto wenyewe.

Mimi sina jiko la kuni. Nina mbabula moja, jiko dogo la makaa, ambayo naiwasha uani mpaka moshi wake uishe, halafu naisogeza karibu na mlango ulio wazi. Wanangu wanaogea hapo, wakipiga kelele kama kuku waliomwona mwewe. Nawafunga kikwembe cha moto, kelele zinakoma. Ukiwa mama kijana na unasoma haya, anza na hilo. Mengine yatakuja.

Nimelea katika nyumba nyingi. Mume wangu ni fundi wa kujenga, anafuata kazi inakoitwa, lakini nisimsingizie yeye. Hata kabla hajanioa miguu yangu haikujua kukaa. Nilisoma sekondari hapa Butembo, na nilipomaliza sikurudi Vuhovi kulima. Nilishika kapu nikaenda Kyavinyonge, kwenye ziwa, kununua samaki na kuwapandisha mjini. Nikikaa mahali pamoja muda mrefu naanza kuamka nikitazama mlango.

Kila mahali pamenifundisha kitu cha kulea. Kule Kyavinyonge, viboko hupanda kutoka majini jua likizama na kutembea kati ya nyumba kama wenye mji, kwa hiyo mtoto hufundishwa kurudi nyumbani mapema bila kuitwa. Huko ndiko nilikojifunza pia kumwacha mtoto ale samaki wa ngege mwenyewe. Usimchambulie miiba yote. Mwekee nyama ya tumboni, ambako miiba ni mikubwa, ulimi wake uzoee kutafuta. Beni ilinifundisha chandarua na subira ya joto. Na kakao! Mkubwa wangu alipokuwa mdogo alikaa chini ya miti ya mwenye nyumba wetu, akinyonya utamu mweupe unaozunguka mbegu, mashavu yamejaa, akitema mbegu moja moja kwenye mkeka kama mfanyakazi mwaminifu. Nikiwa nimechoka na vumbi la Butembo, naifikiria ile miti.

Beni niliipenda. Beni pia ndiko alikofia mtoto wangu wa pili.

Kwetu, kama unavyojua ukiwa Munande, mtu wa kabila letu, mtoto hazaliwi bila jina kumsubiri. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukiita jina sokoni wanageuka wengi. Wageni waliotumwa huku kikazi kutoka mikoa mingine hushangaa kwamba darasa zima lina wasichana wanne wa jina moja. Sisi hatushangai, tunajua tu kwamba hao wanne wote walizaliwa nafasi moja, kila mmoja kwao. Na nafasi haihamishwi. Mtoto akifa, anayemfuata hashuki kuchukua jina lake. Wa tatu anabaki wa tatu, na mbele yake kuna nafasi iliyo wazi.

Wa pili wangu alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Homa ilimchukua haraka. Tulikuwa wapangaji, hatuna udongo wetu, na mwenye nyumba, mama mmoja mjane mwenye ulimi mkali, akatupa mahali pembeni ya shamba lake la kakao, upande wa njia ya Mavivi. Nikachomeka pale kijiti cha ule mmea wa majani marefu ambao watu wetu hupanda kwenye mipaka na makaburi. Baadaye wa tatu akazaliwa katika nyumba ile ile. Hata hajajifunza kukaa, mambo ya upande ule yakawa mabaya, wenye silaha wakaanza kuingia vijijini, na siku majirani walipofunga mizigo na sisi tukafunga. Tukarudi Butembo.

Wa tatu alikua bila kuambiwa. Hakuna aliyepanga kumficha. Mkubwa, ambaye wadogo humwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa anakumbuka kidogo, na mtoto anayekumbuka kidogo hunyamaza akiona watu wazima wamenyamaza. Halafu wa tatu akaanza shule, akajifunza kuhesabu, na jioni moja nilipokuwa nageuza bukari, ugali wetu, kwenye sufuria akaja kusimama mbele yangu na vidole vitatu hewani.

"Mama. Wa kwanza njo yaya. Miye njo wa tatu. Wa pili iko wapi?"

Bukari ikiwa motoni huwezi kuiacha. Nikasema, "Iko mbali."

"Ah," akasema, akakunja vidole, akaenda kucheza.

Nilifikiri yamekwisha. Sikufikiria kwamba katika nyumba yetu neno hilo lina maana ya kila siku. Baba yao akienda kujenga, yuko mbali. Mimi nikishuka Kyavinyonge, niko mbali. Na wote wa mbali hurudi, mmoja na mfuko wa misumari iliyobaki, mwingine na samaki.

Likizo kubwa ilipofika, mdogo wangu wa kike akaja kutoka Vuhovi kuuza maharagi na viazi, akiwa na binti yake wa miaka kama minane, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota. Kwetu mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na wanangu ni ndugu zake. Kwa hiyo nilifanya kama mama yeyote wa hapa angefanya, nikaita uani, "Batoto, mukuje musalimie yaya yenu, ametoka mbali!" Naye mgeni akanipa mikono miwili akaniita mama, kama anavyopaswa kumwita dada wa mama yake. Mdogo wangu, akishusha mzigo, akamwita binti yake kwa jina amsaidie kamba.

Ni binti wa pili wa mdogo wangu. Jina ni lile lile.

Wa tatu wangu alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Mimi nilidhani ni haya tu za mtoto mbele ya mgeni.

Siku zilizofuata nilijisifu moyoni jinsi nilivyomlea vizuri. Alimgawia mgeni blanketi, upande wa ukuta usio na upepo. Alimwonyesha bomba la maji, kuku anayedonoa, na mahali sakafu inapolia. Tulipopika samaki akamwekea kichwa, yeye ambaye kwa kichwa cha samaki huwa anapigana na dada yake. Alimketisha kati yake na mkubwa kila mlo, akimsukuma kwa makalio mpaka akae sawa.

"Yaya, huyu mutoto wako anamupenda wangu kama pipi," mdogo wangu akacheka.

"Nimemufundisha kupokea bageni," nikajibu, kifua mbele.

Mkubwa wangu, mwenye miaka kumi, alinitazama siku hiyo kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akaendelea kuosha sahani.

Siku ya kuondoka viatu vya mgeni vikapotea. Tulitafuta chini ya kitanda, nyuma ya bidon, yale madumu ya maji, hata ndani ya sufuria. Mwenye pikipiki aliyekuja kuwachukua alikuwa ameketi juu ya chombo chake barabarani, magunia matupu yamefungwa nyuma.

"Mama," akaita, "niko hapa tangu mihogo iko mibichi!"

"Vumilia, papa, nyumba ya yaya inakulaka viatu!" mdogo wangu akamjibu.

Ndipo mdogo wangu akahamisha gunia la makaa, na viatu vikawa huko nyuma, vimepangwa vizuri, kimoja kando ya kingine. Wote tukamgeukia wa tatu. Hakukimbia. Alikwenda mlangoni akatanua mikono akashika miimo.

"Hatoki."

"Nani hatoki?" nikauliza.

"Yaya wa pili. Alishakawia mbali, alishafika. Munamupeleka wapi tena?"

"Kwake, Vuhovi," mdogo wangu akasema, bado akicheka.

"Hapana! Kwake ni hapa! Miye wa tatu, yeye wa pili. Mama alisema iko mbali. Ulimubeba, mama mudogo, donc umurudishe!"

Mgeni akaangua kilio. "Miye niko na mama yangu!" akasema, akashika kikwembe cha mama yake kwa mikono miwili.

Hakuna aliyecheka tena. Mdogo wangu aliweka viatu chini, polepole, kama vitu vinavyoweza kuvunjika. Yeye ndiye aliyekuja Beni wakati ule, ndiye aliyemwosha wa pili wangu mara ya mwisho.

"Yaya," akasema, "huyu mutoto hajue?"

Nikachukua viatu nikavifuta vumbi la makaa. Akatoka nje, nikamsikia akimwambia mwenye pikipiki arudi kesho. Nilingoja matusi. Kijana yule akasema tu, "Hakuna neno, mama," akaisukuma pikipiki yake mbali kidogo kabla ya kuiwasha.

Mama yangu alikuwa na kanuni moja ambayo nimeihifadhi kuliko zote. Jambo zito mtoto huambiwa mikono yake ikiwa na kazi. Usimkalishe mbele yako umtazame machoni, atakuogopa wewe badala ya kusikia neno. Yeye mwenyewe alituambia kifo cha baba yake tukiwa tunapukuchua maharagi, na nakumbuka maganda yalivyokuwa yanalia katika vidole vyangu, na jinsi nilivyoshukuru kuwa na ganda lingine la kuchukua.

Mdogo wangu alikuwa ametuletea zawadi ya maharagi ambayo bado yalikuwa kwenye maganda. Nikatandika mkeka uani, nikayamwaga. Mkubwa akaja bila kuitwa. Wa tatu akaja mwisho, macho mekundu, akakaa akinipa mgongo nusu. Mdogo wao wa kiume alikuwa amelala mgongoni kwangu. Nikaanza kupukuchua, nao wakaanza, na yalipokuwa yametosha kufunika sehemu ya chini ya beseni nikasema kwamba yaya wa pili alikuwako, alizaliwa Beni, aliugua, akafa. Kwamba huyu mgeni ni ndugu yao kweli, lakini ni wa pili wa kwao, si wa pili wa kwetu.

Ganda likapasuka. Lingine.

"Alikuwa mukubwa namna gani?"

"Kama huyu mdogo yenu, wa mgongoni."

Akageuka akamtazama kaka yake aliyelala mdomo wazi. "Bon. Donc miye nimemupita."

"Umemupita."

"Mais yeye njo wa pili."

"Yeye njo wa pili."

"Hata miye nikizeeka?"

"Hata ukizeeka."

Hilo lilimkaa vizuri, niliona. Akapukuchua kwa muda, kisha akauliza yuko wapi. Nikamwambia, katika udongo, Beni, kwenye shamba la mama mmoja.

"Peke yake?"

"Mwenye shamba iko pale."

Akaangalia uani. Akaangalia mbabula kando ya mlango. "Mbabula tulitoka nayo Beni," akasema. "Ulisemaka. Na ile bidon ya kupasuka. Na kiti ya baba."

Mkubwa akamgusa goti anyamaze. Hakunyamaza.

"Mulihama na kiti."

Kesho yake mgeni akaondoka, amevaa viatu vyake, na wa tatu alimsindikiza mpaka barabarani bila ugomvi. Lakini kitu kilikuwa kimebadilika. Nilipochukua kapu kwenda hata sokoni tu, alishika kikwembe changu. Baba yao alipotaja kazi mahali pengine, mtoto akaacha kula. Asubuhi nilimkuta ameweka sanduku lake la shule na sandali zake karibu na mlango, tayari, na alivirudisha hapo kila nilipoviondoa. Ilinichukua muda kuelewa. Mtoto wangu alikuwa amejua kwamba watu wetu wakihama mtoto anaweza kubaki nyuma, na alikuwa anajipanga asiwe yeye.

Maneno hayamtoi mtoto hofu ya namna hiyo. Ningemwambia mara mia kwamba sitamwacha, angesikia na angeendelea kulinda mlango. Nililia kidogo huku nikikata vitunguu, maana hapo hakuna anayeuliza. Halafu nikamwambia mume wangu, "Nampeleka Beni." Akaingia ndani, akatoka na koti lake, akaniwekea mabegani. "Uliza njia kwanza," akasema.

Niliwauliza madereva wa asubuhi. Wakasema njia inapitika, wanakwenda na kurudi jua likiwa juu. Mdogo wao wa kiume nikamwachia baba yake, tukapanda mimi na wa tatu, yeye amebeba mfuko wa maharagi aliyoyapukuchua mwenyewe. Barabara inashuka na kuzunguka, baridi inabaki nyuma yako kona baada ya kona, na kabla ya Beni tayari umevua sweta. Nilikuwa nimesahau jinsi hewa ile inavyokupokea, nzito, yenye harufu ya kakao inayochacha. Nilimwonyesha vitu kupitia dirisha. Hapa yaya yako alianguka kwenye mfereji. Hapa nilikuwa nauza samaki. Yeye aliuliza tu, "Na pale?" kila mara, mpaka abiria wenzetu wakaanza kumjibu.

Mwenye shamba alikuwa anaanika kakao. Amezeeka, ulimi haujazeeka.

"Mulikawia," akaniambia, hata salamu haijaisha. "Nilisema huyu mwanamuke miguu yake imesahau kurudi. Na huyu ni nani, mwenye kunitazama kama polisi?"

"Ni wa tatu."

"Njo huyu? Nilikukata kitovu, weye! Ulilia mpaka mbuzi zikajibu." Akampangusa vumbi la safari usoni kwa ncha ya kikwembe chake. "Mukuje."

Niliogopa kwamba sitapajua. Miti imekua, nyumba mpya imesimama mahali palipokuwa na choo. Lakini pembeni ya shamba kijiti changu kilikuwa kimekuwa mti unaonipita kimo, majani marefu, na chini yake pamelimwa, safi, nyasi zimezuiliwa kwa mstari wa mawe.

"Kila tunapolimia kakao, tunalimia na hapa," mwenye shamba akasema. "Bafanya kazi bangu banauliza, mama, hapa umepanda nini? Nabaambia, hapa kuna mupangaji wangu. Halipi, mais hana kelele." Akacheka peke yake, kisha akamtazama mtoto aone kama amekosea.

Wa tatu hakuwa amekosewa. Alikuwa amechuchumaa, anagusa mawe moja moja. "Hakuwa peke yake," akaniambia, kama mtu anayenipa habari.

"Hakuwa."

Akamwita wa pili kwa jina, kwa sauti ya kawaida, sauti anayotumia kumwita dada yake waende kuchota maji. Nilikuwa sijalisikia jina lile likisemwa kwa mtoto wangu tangu siku ile. Halafu akachimba kwa kidole mashimo madogo kati ya mawe na mti, akatia maharagi, akafukia, akapiga udongo kwa kiganja. Mwenye shamba akasema maharagi hayapendi kivuli. "Yatajaribu," mtoto akajibu. Tukala bukari na sombe ya majani ya mihogo kwa mwenye shamba, akanyonya kakao, akatema mbegu kwenye mkeka kama dada yake zamani, na tukapanda gari la kurudi jua likiwa bado juu.

Sandali zilikaa mlangoni siku chache zaidi. Siku moja zikawa chini ya kitanda.

Juzi nilifunga kapu langu la Kyavinyonge. Aliniona, akaja, akashika kikwembe changu kwa vidole viwili tu, nami nikangoja.

"Unarudi lini?"

"Nikipata samaki, narudi."

"Pitia kwa wa pili."

"Mwanangu, Beni si njia ya Kyavinyonge. Ni kuzunguka sana."

Akaniachia kikwembe, akanitazama kuanzia miguuni.

"Si unapendaka kutembea, weye?" akasema. "Pitia. Uangalie maharagi."

Nikapitia.